Matundu Manne Juu ya Ubao

Siku moja haijanitoka, mwanangu, na nikiikumbuka mpaka leo masikio yananiwaka moto. Nilisimama uani kwa babu yako Anatoli, kule Nyabiyonza, fimbo mkononi, wazee wamekaa mbele yangu, nikafungua mdomo. Kwa maneno ya dakika mbili hivi nikakaribia kumpoteza mama yako.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Jana nilikuwa nimejilaza pale sebuleni, mkadhani nimelala, wewe na binamu yako mkagombana juu ya simu: nani mkali kuliko wote katika mpira wa kikapu wa kulipwa kule Marekani. Binamu yako akamtaja mmoja wa enzi zangu, wewe ukacheka mpaka ukapaliwa. Ukasema, "Yule alikuwa anacheza na wazee wenye vitambi. Leo asingepata hata namba." Sikuinuka. Nilinyamaza kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa na miaka ishirini na miwili na miguu isiyotaka kukaa chini. Usiniangalie hivi nilivyo sasa, na goti hili linalotabiri mvua. Nilikuwa naruka! Pale Kayanga alikuwepo mwenye duka mmoja, Bwana Saidi, mtu ambaye kwao ni Tanga, na yeye ndiye alikuwa na televisheni, deki na jenereta. Jumapili mchana, sisi tukiwa tumetoka misa na yeye ametoka kuswali, alitufungulia kanda ya mpira wa kikapu aliyoletewa na ndugu yake. Kanda ilikuwa moja tu. Tuliitazama mpaka tukajua ni wapi mtangazaji atakohoa.

Majina ya wachezaji wale hatukuyaweza, kwa hiyo tuliwabatiza wenyewe. Mmoja tulimwita Kipanga. Huyo alikuwa wa wakati ule ule, na akiruka ulipata muda wa kusali Baba Yetu mpaka kwenye mkate wetu wa kila siku kabla hajashuka. Mwingine alikuwa mwanzoni mwa kanda, kwenye picha za zamani zenye chenga chenga, mrefu, mwenye kaptura fupi na viatu vya turubai, akitupa mpira kwa mikono miwili. Huyo tulimwita Mlingoti, na tulimcheka sana.

Bwana Saidi alisimamisha kanda makusudi ili abishane nasi. "Nyie watoto, huyu alitwaa ubingwa mpaka wenzake wakachoka kuja fainali!" Sisi tukamjibu kwamba Mlingoti alicheza na mafundi bomba na wauza maziwa, kwamba akikutana na Kipanga angeomba maji ya kunywa. Tulibishana hivyo wiki nenda, wiki rudi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona yeyote kati yao nje ya kioo kile.

Sasa babu yako, ambaye hukumkuta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mpole, mrefu, na ndiye aliyetufundisha mpira wa kikapu sote pale kilimani juu ya shule. Yeye na wenzake wanne ndio waliochimba uwanja ule kwa majembe, mwaka wa sabini na nane, miezi michache kabla ya vita. Hilo tulilijua, lakini hatukulifikiria. Sisi tuliona tu kwamba naye alitupa mpira kwa mikono miwili kama yule wa kwenye kanda, basi tukampachika jina hilo hilo. Kijiji kizima kikamwita Mlingoti. Alilisikia, akacheka, akaendelea kutupa kwa mikono miwili.

Na alikuwa na binti, Konsolata. Mama yako akisoma hapa atasema naongeza chumvi, lakini nakwambia, nilikuwa nakosa mpira uliokuja kifuani kwangu kwa sababu yeye alikuwa anapita barabarani na ndoo ya maji.

Basi ikafika siku ya wazee wetu kunipeleka kwao kujitambulisha. Elewa jambo moja. Sisi ni watu ambao babu zetu walivuka kutoka Rwanda, tukapokewa hapa, tukapewa mahali pa kupanda migomba. Baba yangu alinisihi njia nzima nijiheshimu. Mbele ya Wanyambo, wenyeji wa huko, mwanamume anayeomba binti husimama na fimbo, akajisifu kwa sauti mbele ya mwenyeji. Wao wanaita kwebuga. Na sisi tulikuja na desturi kama hiyo hiyo, kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutojua. Unaanza na waliokuzaa na waliokutangulia, unawapandisha, kisha mwishoni kabisa ndipo unajitaja mwenyewe.

Mimi nilianza na mimi.

Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima, na nilitaka vijana wenzangu waliokuwa wamejazana kwenye ua wacheke. Nikasema mimi ndiye Kipanga wa Nyabiyonza. Nikasema mimi ndiye niliyeishika ringi kwa mkono na kuning'inia, na kwamba katika uwanja ule hakuna mzee aliyewahi kuigusa tangu ulipochimbwa. Nikapiga fimbo chini. Nikamalizia kwamba enzi za kina Mlingoti zilikuwa enzi za kutupa mpira kama mtu anayetupa maganda jalalani, na kwamba zimekwisha, na anayetaka kuona mchezo aje anione mimi.

Vijana wawili tu walicheka. Baba yangu aliinamisha kichwa. Mzee Anatoli alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi baadaye. Akasema tu, "Nimesikia. Keti."

Shangazi yake Konsolata alikuwa anazungusha kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayompa mgeni ili ajue amepokewa. Alimpa baba yangu, akampa mjomba wangu, akafika kwangu, akapita. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooshwa. Niliurudisha taratibu na kujifanya najikuna goti.

Tulipokuwa tunaondoka, Konsolata alinisubiri penye kona ya ua. Hakulia wala hakupaza sauti. "Umemtukana baba mbele ya wageni wake," alisema. "Yeye hatasema kitu. Mimi ndiye nasema. Usiwalete tena wazee wako hapa mpaka umalize na yeye. Na usipomaliza, nimemaliza na wewe."

Siku tatu sikula vizuri. Nilijipa moyo kwamba ulikuwa utani tu. Ya nne, asubuhi, nikaenda.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekula?"

Nilianza kusema waitu, nimekosa, nisamehe, kama ambavyo mtu wa huko humwomba mkubwa wake. Hakuningoja nimalize. Akasema, "Chukua ngazi ile, tupande uwanjani." Nikadhani kuna kazi ya kurekebisha ubao, na nikafurahi, maana ni rahisi kuomba msamaha mikono ikiwa na nyundo.

Alinisimamishia ngazi kwenye nguzo ya goli. Ilikuwa nguzo ya mkaratusi, nyeusi kwa oili chafu waliyokuwa wakiipaka kila mwaka isiliwe na mchwa. Akaniambia nipande mpaka juu ya ubao. Nikapanda.

"Unaona nini?"

"Matundu kwenye nguzo, mwalimu, juu ya ubao. Manne. Ya misumari."

"Pima kutoka hapo mpaka misumari ya sasa."

Nikapima. Shibiri moja na vidole vinne.

Akakaa chini kwenye jiwe, nami nikabaki juu ya ngazi, akanisimulia. Walipochimba uwanja hakuna aliyekuwa na futi kamba wala kitabu cha vipimo. Mmoja aliwahi kuuona mchezo huo Bukoba mara moja, akasema ringi iko juu sana, juu ambako mtu hafiki. Basi wakamchukua Yohana, ambaye ndiye alikuwa mrefu kuliko wote, wakamsimamisha juu ya meza ya darasani, akanyoosha mkono, na pale vidole vyake vilipoishia wakapigilia ringi waliyoitengeneza kwa rimu ya baiskeli. Waliichezea hivyo. Vita vilipokuja Yohana alikwenda, hakurudi. Waliobaki wakaendelea kucheza kwenye ringi ile ile, na kwa kuwa ilikuwa juu mno, mkono mmoja haukufikisha mpira. Ndiyo maana walitupa kwa miwili.

Miaka ikapita, akaja mwalimu mgeni na futi kamba, akapima, akawaambia imezidi. "Tulicheka mpaka tukakaa chini," alisema mzee. "Miaka yote ile tulijiona hatujui kulenga." Wengine wakataka iachwe hivyo hivyo, iwe kumbukumbu ya Yohana. Yeye akasema hapana, kuna watoto wanakua, waishushe ili nao siku moja wakicheza na watu wa mahali pengine wawe sawa na wenzao. Yeye mwenyewe ndiye aliyepanda kuing'oa.

Watoto wale, mwanangu, tulikuwa sisi.

Niliuliza kwa sauti ndogo kama kuna mzee aliyewahi kuigusa ile ya juu.

"Yohana aliigusa. Mara moja, Jumapili baada ya misa. Tulimbeba mabegani mpaka kwa mama yake."

"Mbona hukutuambia? Mbona hata siku ile uani hukusema?"

Akajibu: "Siku ya kwanza ulipoishika ringi ulikuwa na miaka kumi na saba. Uliposhuka uligeuka kutazama kama nimekuona. Nilikuwa nimekuona. Sasa ulitaka nikwambie nini siku ile? Kwamba iko chini?"

Nilishuka ngazi nikalia mbele yake, sikuona aibu. Nilimpenda mzee yule kuanzia siku ile kama baba wa pili.

Nilipotulia nikamuuliza kijinga, maana ujana hauishi kwa asubuhi moja: kwa hiyo Mlingoti wa kwenye kanda ni mkali kuliko Kipanga? Akacheka. "Mimi huyo Kipanga wenu sijamwona hata siku moja. Nitamhukumuje?"

Kumbe hakuna aliyewahi kumkaribisha Kayanga! Jumapili iliyofuata nilimpakia kwenye baiskeli, miguu yake mirefu ikiburura vumbi, nikampeleka kwa Bwana Saidi. Alimtazama Mlingoti akiitikia kwa kichwa. Alipomwona Kipanga anaruka, alisimama. Mtu mzima, mwalimu, akasimama mbele ya televisheni ya watu na kupiga makofi peke yake. "Huyu kijana!" akasema. "Laiti Yohana angeliona hili."

Bwana Saidi alichukia, alikuwa amemtegemea upande wake. "Kwa hiyo mwalimu, nani zaidi?"

"Saidi, sijui. Siwezi kuwaweka uwanja mmoja hata ukiniwashia deki mbili. Hebu rudisha kanda, nimwone tena. Wote wawili."

Nilijua wakati ule kwamba sisi tuliobishana miezi mingi hatukuwa tumewahi kufurahi kama yeye alivyofurahi mchana ule mmoja.

Tuliporudi na wazee mara ya pili, nilisimama na fimbo uani pale pale. Nilianza na baba yangu na babu yangu aliyevuka mto. Nikamtaja Yohana, ambaye sikumkuta, aliyegusa palipo juu. Nikawataja waliochimba kilima kwa jembe. Nikamtaja Anatoli, aliyepanda kuing'oa ringi yake ili watoto wa wengine wafike. Na mwisho nikasema: mimi ni mtoto wao, naruka, na nilipofika ni pale waliponishushia.

Mzee Anatoli aliinuka, akakichukua kikapu cha kahawa mikononi mwa shangazi, akatembea nacho mwenyewe mpaka nilipokaa. Nilichukua punje mbili tu, nikazitafuna pale pale.

Basi, mwanangu, sikukatazi kubishana. Ubishi ule ni mtamu, na huyo wako wa sasa anayetupia kutoka katikati ya uwanja nimemwona kwenye simu yako na nimempenda. Msifu unavyotaka. Ila usimpandishe kwa kumkanyaga mwingine. Kabla hujamcheka mtu wa zamani, uliza kwanza ringi yake ilikuwa wapi, alivaa nini miguuni, na ni nani aliyesawazisha ardhi anayorukia huyu wa leo. Ukikosa jibu, sema hujui. Babu yako alisema hajui mbele ya watu na heshima yake haikupungua hata kidogo.

Kile kipande cha mti pale mlangoni, mnachotundikia kofia zenu, hukuwahi kuniuliza ni cha nini. Uwanja ulipopata nguzo za chuma niliomba kichwa cha ile nguzo ya zamani. Nenda kakitazame, matundu yote manne yamo.

Mungu akupe miguu mepesi na macho ya kuwaona waliokutangulia. Akujalie ufike pale ambapo mimi sikufika, nami niwe hai nikupigie makofi. Na siku wanao watakapokuja nyuma yako, uwe na moyo wa kupanda ngazi ukawashushie ringi, halafu unyamaze.