Koti la Sufu la Mama

Sanduku la nguo kutoka Uingereza lilifika Newala kwa lori la misheni, mwezi wa Oktoba, jua likiwa limetukausha hata mate. Ndani mlijaa masweta. Wakristo wa ng'ambo walikuwa wametuhurumia, nasi tukatakiwa tushukuru.

Mwalimu wetu wa kanisa alitufundisha kushukuru kama alivyotufundisha katekisimu: kupiga goti, kupokea kwa mikono miwili, kutabasamu. Mama yangu alipata koti la sufu, zito kama gunia la mhogo mbichi. Akaambiwa alivae Jumapili, maana padre angepiga picha ya kuwapelekea wafadhili, wajue wema wao haukupotea.

Alilivaa. Wema haukupotea. Yalipofika mahubiri juu ya ukarimu, ambayo mhubiri alitugawia bila uchoyo wowote wa muda, mama alianguka kati ya mabenchi.

Tulimtoa nje. Jirani yetu, mwanamke Mwislamu, alikuwa akipita na mtungi kichwani, ametoka kuteka maji bondeni. Kwetu huku juu uwandani hakuna chemchemi. Maji yote hupandishwa mlima kwa kichwa. Alitua mtungi, akamvua mama lile koti, akammwagia maji na kumnywesha mpaka akafumbua macho. Kisha akashika njia ya bondeni tena, mtungi mtupu. Hakuna aliyempiga picha.

Mama alipopata nafuu alimpelekea jirani lile koti, ampe mama yake mzazi, kikongwe aliyetetemeka kila ukungu wa Juni ulipoingia. Habari zikamfikia mwalimu. Alikuja kwetu amenuna, akasema zawadi ya kanisa imekwenda kwa watu wasiosali nasi, na huko ndiko kukosa shukrani.

Mama alimpa kigoda na uji.

"Mwalimu, si mlitufundisha tutoe kwa moyo wa furaha?"

"Ndivyo."

"Basi tangu nibatizwe sijapata kutoa kwa furaha kama siku ile."

Mwalimu alimaliza uji wake, akaaga.

Juni ilipofika, yule bibi alikaa barazani kwao amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, na mwalimu, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kwenda kanisani, alimwamkia kila asubuhi.

"Marahaba, mwanangu," bibi alimjibu. "Wasalimu wenzako. Waambie mwili umepata joto."

Sanduku lililofuata, mama hakupewa kitu. Alimshukuru Mungu kwa dhati.