Sato Niliyemvua Jibuti

Ningeweza kujibu tu kwamba Jibuti sijawahi kufika. Mjukuu wangu wa darasa la sita alikuwa amepewa kazi ya kuieleza nchi moja ya Afrika Mashariki, akapangiwa Jibuti. Hapa Johannesburg, yeyote aliyetoka kaskazini mwa Mto Limpopo anahesabiwa kuwa katoka mahali pamoja tu, huko juu. Basi naye akaona babu yake Mtanzania lazima anaijua.

"Babu, umefika Jibuti?"

Aliniuliza kwa Kiswahili. Anakielewa vizuri, lakini kwa kawaida huongea Kiingereza, na akiwa na bibi yake Kizulu, mimi nikabaki na televisheni. Nikasema, "Nilifanya kazi bandarini kule nikiwa kijana."

Wiki nzima alikaa karibu nami baada ya chakula, daftari mapajani, akiniuliza kwa Kiswahili. Nilichokuwa nacho cha Jibuti ni ramani ya kidato cha pili, lakini nilizaliwa Dodoma, na kichwani mwangu nchi kavu zote zilikuwa ndugu. Nikampa mvua za Desemba, mtama, na sweta za asubuhi. Nikampa Wajerumani, kwa sababu sisi walitutawala. Ziwa Assal nililikumbuka kwenye ramani ya Bonde la Ufa, na nilijua penye ziwa pana samaki. Basi nikavua sato mkubwa, tukambeba watu wawili.

"Eish, mzee," mke wangu alisema kutoka jikoni. Tulioana Morogoro, alipokuwa mkimbizi wa harakati za ukombozi, na Kiswahili chake hakijapoteza makali. "Hiyo Jibuti ulikwenda nikiwa bafuni?"

Mtoto akacheka, akaandika sato.

Siku ya kusoma kazi zao, tulialikwa shuleni, Randburg. Nilivaa suti ambayo sasa inakubali kifungo kimoja kati ya vitatu. Mwalimu akasema babu mwenyewe yupo, asimame tumwone. Nilisimama kama balozi. Mjukuu wangu akasoma bila kukwama, Wajerumani, sweta, mpaka sato.

Nyuma yangu akainuka baba wa mwanafunzi mwenzake, mwenye duka la jumla la mablanketi katikati ya mji. Alikuwa mzaliwa wa Jibuti, na Kiswahili alikipata Mombasa.

"Shikamoo, mzee," aliniambia, kisha akageukia Kiingereza ili wote wasikie. "Huyo samaki alitoka majini akiwa ameshakaushwa kwa chumvi?"

Akawaeleza watoto taratibu. Ziwa lile lina chumvi nyingi kuliko bahari, samaki haishi humo. Wafugaji walikuwa wakiipakia chumvi hiyo juu ya ngamia kwenda kuiuza Ethiopia, na siku hizi mizigo ya Ethiopia ndiyo inayopita bandarini na kuilisha nchi, pamoja na kodi ya kambi za majeshi ya kigeni. Waliotawala walikuwa Wafaransa. Mvua ni chache na mtama hauoti juu ya mawe.

"Na aliyekuuzia sweta kwenye joto lile," alimalizia, "nipe namba yake, mzee. Nataka anifundishe biashara."

Hapo ningeweza kuomba radhi. Mjukuu wangu alikuwa ananitazama, anasubiri. Nami nikasema, "Enzi zangu sato walikuwepo."

Darasa zima likaangua kicheko, mwalimu naye. Mjukuu wangu hakucheka.

Kwenye teksi ya kurudi aliniuliza kwa Kiingereza, "Kwa hiyo hukufika?"

"Sikufika."

"Na bandarini?"

"Hata bandarini."

Kazi aliirudia peke yake kwa simu, akapata alama nzuri. Nilimwomba radhi, akasema haina shida. Juzi nilimwambia kwamba Dodoma wanalima zabibu, jambo la kweli kabisa. Aliitikia kwa adabu, kisha akachukua simu kuhakikisha. Nilidanganya ili akae nami. Sasa haniulizi kitu chochote, na Kiswahili ameacha kuniongelesha.