Majibu ya Wagih Qandil Yatafutwa Tarehe Thelathini

Usijifanye humjui. Siku mchezo wako ulipojizima mara ya saba, ukapiga meza, ukamlaani aliyekuuzia kompyuta, uliandika shida yako kwa Kiarabu na mtandao ukakupeleka kwenye ukurasa mmoja wa kijivu. Ulisoma jibu. Mchezo ukafunguka. Ukaenda zako, hukuacha hata neno.

Aliyeandika jibu lile yu hai. Anakaa ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la nyuzi hapa Mahalla al-Kubra. Tarehe thelathini mwezi huu kazi yake ya miaka kumi na mmoja itafutwa, na wewe unaangalia pembeni.

Saa nne asubuhi Wagih ameshakunywa chai glasi mbili. Simu iko sikioni, kompyuta mbele yake, sahani ya maharage ya ful imepoa kando ya kiwiko. Upande wa pili wa simu kuna mchomeleaji wa vyuma wa Zagazig, anayejiita Abu Layan, yaani baba yake Layan.

"Injinia, mchezo unafunguka vizuri. Naona ngome, naona bendera, halafu pu! Nimerudi kwenye picha ya mke wangu."

"Picha ya mkeo siyo hitilafu, Abu Layan."

"Hujamwona, injinia."

Wagih hacheki, ila nyusi zinapanda. Yeye si injinia. Alisoma ufundi wa kufuma, akaishia mwaka wa pili. Lakini Mmisri akikuhitaji lazima akupandishe cheo kwanza.

"Siku uliponunua kompyuta ikakuuliza jina, uliandika nini?"

"Abu Layan."

"Kwa herufi gani?"

"Kwa Kiarabu! Ulitaka niandike kwa Kichina?"

"Basi hapo hapo ndipo penye ugonjwa."

Kwa asiyejua: modi ni kiraka ambacho wachezaji hujishonea wenyewe na kukibandika juu ya mchezo walionunua. Farasi anakuwa ngamia, mvua inakuwa tufani ya mchanga. Kiraka anachohangaika nacho Wagih kinaufanya mchezo mmoja wa ngome na mapanga uongee Kiarabu. Kampuni iliyoutengeneza iliahidi Kiarabu mwaka 2013. Ikaahidi tena 2016. Tunazikumbuka ahadi zote mbili, tarehe na maneno yake.

Watu wanane, Wagih mmoja wao, ndio waliokishona kiraka hicho, kwenye duka la intaneti lililokuwa karibu na stesheni. Mwanzoni herufi zilitoka kinyumenyume, zimeachana kama meno ya mzee. Wakazigeuza, wakaziunganisha moja moja. Lakini chombo cha kubandika modi kilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuitwa kwa herufi nyingine zaidi ya zao. Kompyuta huhifadhi mafaili yako kwenye kabati lenye jina lako. Chombo kikifika kwenye kabati lililoandikwa kwa Kiarabu, hakisomi, hakiulizi. Kinaanguka kimya kimya na kuuangusha mchezo.

Nani mwingine angefanya kosa hilo ila sisi? Tuliulizwa jina, tukalitaja.

Mji huu unaijua hadithi hiyo. Mashine za kufumia zilipoletwa vitufe vyake vimeandikwa kigeni, wanawake wa zamu ya asubuhi waliandika Kiarabu juu yake kwa chaki. Msimamizi alikuwa akipita na kitambaa kufuta. Wao wanaandika, yeye anafuta. Vitufe vilibonyezwa visivyo, vidole vikakatika kwa sababu ya kitambaa kile, na hakuna aliyeshtakiwa.

"Miaka minne ya kwanza nilikuwa nawaambia watu, badilisheni majina yenu," Wagih ananiambia huku akisubiri Abu Layan atafute faili. "Watu kama elfu mbili hivi. Andika kwa herufi zao, mambo yataisha. Siku moja mzee mmoja wa Minya akanijibu: mwanangu, jina hili alinipa baba yangu, wewe nani univue kwa ajili ya mchezo? Nilizima kompyuta. Sikujibu mtu wiki nzima."

Wiki hiyo alitafuta njia ya mzunguko akaipata: kabati jipya mwanzoni kabisa mwa diski, lisilo na jina la mtu, namba tu, kisha chombo kinaelekezwa huko. Jina linabaki kama lilivyo. Maelezo yenyewe ni mistari tisa. Mistari hiyo tisa imewatuliza watu kutoka Basra hadi Nouakchott, na hakuna kampuni iliyoiandika.

"Tengeneza kabati, liite moja-moja-moja," anamwambia Abu Layan. "Hapana, siyo ndani ya picha za harusi. Rudi nyuma. Rudi tena. Haya."

"Nimeweka."

"Washa."

Tunasubiri. Simuni panasikika feni, kisha ngoma za ngome, kisha sauti ya mtoto wa kike inayosoma kwa kukokota maneno: "Ka-ri-bu, ewe m-ge-ni, kwe-nye la-ngo..." Abu Layan anapiga ukelele. Simu inakatika.

Wagih anabaki na simu sikioni. Anaishusha taratibu, kama mtu anayeweka chini kitu chenye maji.

"Huwa hawapigi tena?" nimemuuliza.

"Mchezo ukipona, wanarudi kwa watu wao."

Ana umri wa miaka arobaini na nne. Mama yake alifariki miaka mitatu iliyopita kwenye chumba hiki hiki. Kitanda chake bado kimetandikwa, juu yake yamepangwa maboksi ya vipuri. Dada yake yuko Damietta, hupiga simu Ijumaa. Mchana Wagih hutengeneza mashine za kuchapia za shule kwa pauni elfu sita kwa mwezi, na huko haongei na mtu kwa sababu mashine hazijibu. Jukwaa lenyewe, zile kurasa za kijivu anakojibia watu, halijawahi kumpa hata piasta.

Wenzake saba? Wawili wako Ghuba. Mmoja alioa akaambiwa achague. Mmoja ni marehemu. Waliobaki walinyamaza tu, kila mtu kwa siku yake, bila ugomvi. Pembeni ya ukurasa kuna orodha ya wasimamizi, na aliyepo huwaka kitone cha kijani. Kwa miaka mitano sasa kinawaka kimoja, cha Wagih. Sikukuu ya Idi iliyopita aliandika pale: "Kila mwaka na nyinyi mko salama, enyi watu wa ngome." Siku ya tatu akapata jibu moja. Lilikuwa tangazo la dawa ya nywele.

Mlango unagongwa kwa kisigino. Ni Hajjat Fauqiya wa ghorofa ya pili, mikono yote imeshika sinia.

"Wagih! Unaongea na nani asubuhi yote? Kule chini wanasema umeoa kwa siri."

"Naongea na wagonjwa, Hajjat."

"Wagonjwa gani hawa? Daktari wa kweli huletewa machungwa. Wewe hata ganda!" Ananigeukia mimi. "Na wewe mwandishi, mwandike kwamba ana meno yake yote, na nyumba ni ya urithi. Labda atapatikana mjane mwenye macho mabovu."

"Hajjat, mgeni anaandika gazetini."

"Ndiyo maana nasema!"

Anaweka sinia, anaona ful iliyopoa, anaibeba huku akinung'unika. Hatua zake zinashuka ngazi. Chumba kinakuwa kikubwa kuliko kilivyokuwa.

Namwomba Wagih anionyeshe mchezo wenyewe. Anaufungua. Askari mwenye joho jekundu amesimama mbele ya lango. Wagih anatazama maandishi kama yameungana, kisha anafunga. Hivyo ndivyo anavyopima kila tiba. Askari yule amesimama pale miaka kumi na mmoja.

"Hujawahi kuingia ndani?"

"Kuna nini ndani? Wanasema kuna soko zuri." Anasugua macho. "Nikiingia nitatamani kumwonyesha mtu."

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mwenye jukwaa ni mtu wa Tanta anayeishi Kanada. Mwezi uliopita aliandika mistari mitatu: amechoka, ana mapacha, tarehe thelathini anaacha kulipia mtambo unaohifadhi kurasa, uzimwe. Wagih hamlaumu. Alimwomba tu nakala ya kurasa zote. Jamaa akajibu kwamba funguo za mtambo alizipoteza zamani, hawezi kuzitoa kurasa kwa mkupuo. Zinakiliwe kwa mkono, moja moja, kama msomaji yeyote.

Na mtambo una mlinzi. Ukifungua kurasa zaidi ya mia mbili kwa siku, anakudhani mwizi na kukufungia mlango hadi kesho. Wagih amejaribu kumzunguka, yeye aliyezunguka kila kitu, ameshindwa. Ameanza na ukurasa wa ile mistari tisa. Leo zimebaki siku kumi na tisa na kurasa elfu tisa. Akinakili mia mbili kila siku bila kuugua na umeme usikatike, ataokoa elfu tatu na mia nane. Zilizobaki ni elfu tano na mia mbili, na zitakufa.

Zikifa, kosa halitakufa. Kesho kutwa mtu mwingine ataulizwa jina lake, ataliandika alivyofundishwa na mama yake, mchezo utaanguka, na hatapata wa kumwambia kwamba kosa si lake. Atadhani yeye ndiye mjinga. Hilo ndilo linaloniuma, na ndilo wanalolipenda wenye kitambaa cha kufutia.

"Mpango wako ni nini?" nimemuuliza.

"Niziweke zote mahali pasipo na mwenyewe, ili asiwepo wa kuzima." Amenakili ukurasa mwingine. "Nilifikiria kuwaandikia watu niliowasaidia. Kisha nikaona aibu. Mtu ulimpa dawa miaka sita iliyopita, unamgongea mlango unamwambia nini?"

Yeye anaona aibu. Mimi sioni, na wewe huna haki ya kukaa umetulia.

Piga hesabu na mimi. Kurasa elfu tano na mia mbili, mia mbili kwa mtu, ni watu ishirini na sita. Kwa siku moja tu! Aliowatibu ni maelfu. Wanaohitajika wanajaa kwenye basi dogo.

Kwa hiyo usiliweke gazeti hili chini ukasema masikini Wagih. Huruma yako haina pa kuhifadhiwa. Anwani yake iko chini ya kila jibu aliloandika, pale pale ulipofunga ukurasa ukaenda zako. Ifungue leo, kabla hujala. Usianze na kuomba radhi, hana muda wa kuzisoma. Mwandikie jina lako, kwa herufi zako, na maneno haya tu: nipe mia mbili zangu.