Operesheni Aliyoiomba Mwenyekiti

Ephantus Kuria alikuwa na dawa moja ya mambo yote, nayo ilikuwa kisu. Mti ukiegemea ua, ukatwe. Mpangaji akizidisha fujo, akatwe naye, yaani atolewe chumbani kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa amechuna ngozi kwenye kichinjio cha Dagoretti tangu ujana wake hadi magoti yalipomgomea, na huko hakuna jambo linalosubiri kesho. Alipostaafu akabaki na vyumba vyake vya mabati karibu na Dagoretti Corner, mkewe Hannah, na sauti inayosikika hadi ng'ambo ya barabara. Wapangaji walimwogopa kidogo, wakampenda zaidi, wakamchagua mwenyekiti wa Nyumba Kumi, kamati ya usalama ya mtaa. Kazi hiyo haina mshahara ila ina beji, na beji hiyo mzee aliivaa hata akienda kununua sukuma wiki.

Kila asubuhi alikunywa supu ya mifupa kwenye bucha iliyotazamana na steji ya matatu, pamoja na mpangaji wake Zedekiah Were, fundi wa makochi kando ya Ngong Road. Wawili hao walibishana juu ya kila kitu. Mwaka huo runinga ya bucha ilikuwa haiishi kuonyesha wanajeshi wa nchi za mbali wakivunja milango ya magenge ya dawa za kulevya, na Ephantus alifurahi kana kwamba yeye ndiye aliyewatuma.

"Hivyo ndio inatakikana," alisema akielekeza mfupa kwenye runinga. "Jeshi. Wiki mbili tu, na hapa Corner mtu hataskia tena neno unga."

"Na hamu ya watu utapiga risasi aje, chairman?" Zedekiah alimuuliza. "Mimi ningekuwa serikali ningeuza hiyo kitu mwenyewe. Duka iko na leseni, unaandikwa jina, kodi inalipwa. Hao wakubwa wa cartel wakose kazi, waende walime."

"Pombe ya chang'aa si ilihalalishwa? Tuliacha kuzika watu?" Ephantus alidakia.

"Walihalalisha chupa ya tajiri. Mama wa mtaa alibaki na mtungi wake na polisi wake."

Bucha nzima ikacheka, na Ephantus, ambaye hakupenda kushindwa mbele ya watu, akakimbilia hadithi yake ya punda. Zamani, wakaguzi walikuja na askari wakakifunga kichinjio kimoja kwa uchafu. Kufuli kubwa, picha za gazeti, hotuba. Wiki hiyohiyo nyama ikajaa mtaani kuliko awali, nyama isiyo na muhuri, imechinjiwa vichakani, na nyingine ilikuwa ya punda. "Na mimi mchinjaji mzima," alimalizia kama kawaida, "nilikula punda nikaomba ya pili!" Watu waliijua hadithi hiyo kwa moyo na bado waliicheka. Hakuna aliyewahi kumuuliza ilikuwa na maana gani, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza.

Kuna jambo moja hakulisimulia pale. Wakati yeye anabishana kwamba serikali haiwezi kuwagawia watu kilevi, kitindamimba wake Dan alikuwa mjini, upande wa Ngara, kwenye foleni ya kliniki. Dan alikuwa ametumia unga, yaani heroini, miaka sita. Aliuza simu ya mamake, akauza mabomba ya maji ya ploti, na siku moja Hannah alimkuta amelala kwenye mtaro akadhani amekufa. Halafu akapelekwa kliniki, akaanza kupewa methadoni, dawa ya maji inayotuliza ile kiu ya unga, inayonywewa kila siku mbele ya muuguzi, bila malipo. Mwaka wa pili ulikuwa unaelekea kwisha. Dan alikuwa amenenepa shingo, alichomelea mageti kwa fundi mmoja mtaa wa Jamhuri kila alasiri, na alikuwa amemnunulia mamake simu nyingine.

Ephantus alimshukuru Mungu kwa haya yote, lakini dawa yenyewe hakuitaka masikioni mwake. "Unga wa serikali," aliita. Kanisani, ambako alikuwa mzee wa kanisa, alisema Dan ana kazi ya asubuhi mjini. Kliniki hakuwahi kuikanyaga. Hannah, aliyeamka alfajiri kumchemshia Dan chai kabla hajaenda steji kupanda matatu ya kliniki, alimwacha aseme apendavyo.

Basi mkutano wa chifu ulipoitishwa, Ephantus akasimama na beji yake. Aliyemlenga alikuwa kijana aliyeitwa Koti, kwa sababu jua liwake mvua inyeshe hakulivua koti lake la jeans. Koti alikaa juu ya jiwe nyuma ya vibanda vya steji akiuza unga mchana kweupe. Kila mtu alimjua, na askari pia walimjua. Ephantus hakumung'unya maneno.

"Tunataka operesheni," alimwambia mkuu wa kituo cha polisi mbele ya umma. "Zungusha hiyo steji, beba wote. Na msihurumie mtu. Hata akiwa mtoto wa chairman, beba!"

Watu walipiga makofi hadi vumbi likaruka. Alisema vile kwa sababu ni maneno matamu, na kwa sababu kichwani mwake Dan alikuwa amekwisha kupona, hahusiki tena.

Operesheni ilikuja Ijumaa. Nairobi kila mtu anajua kwa nini ni Ijumaa: anayekamatwa siku hiyo analala ndani hadi korti ifunguliwe Jumatatu, na katikati hapo kuna mengi ya kuzungumzwa. Askari walishuka kutoka kwenye lori kabla jua halijapanda, wakaizungusha steji, wakabeba. Walimbeba Koti akiwa juu ya jiwe lake, na hilo lazima lisemwe, walimpata kweli na mzigo wake mfukoni. Wakabeba pia wapiga debe, muuza mayai, na wasafiri waliokuwa na sura ambazo askari hawakuzipenda.

Ephantus alifika bucha akiwa amefura kwa furaha. Akaagiza supu ya watu wote. Zedekiah alikubali bakuli akasema ngoja tuone. Mifupa ilikuwa haijapoa Hannah alipoingia na ndala miguuni, leso imefungwa ovyo, mwanamke ambaye hakuwa amewahi kukanyaga bucha hiyo asubuhi.

"Baba Dan, njoo nje," alisema. Nje akamwambia kwa sauti ya chini: "Dan hajafika kliniki. Simu imezimwa. Mama wa mayai amepigia mtu wake, anasema wako naye kwa seli."

Alikwenda kituoni mbiombio na magoti yake mabovu. Mkuu wa kituo alimpokea kwa heshima, akamvutia kiti, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza.

"Mzee, watu wote wameandikwa kwa kitabu cha kituo tayari. Kijana wako alipatikana na alama za sindano kwa mkono."

"Ni za kitambo! Ameacha!"

"Ataambia korti Jumatatu. Na mzee, usinielewe vibaya. Mbele ya mtaa wote ulisema tusihurumie hata mtoto wako. Nikimtoa leo, watu watasema nini?"

Ephantus aliinuka kwenye kiti. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti cha uani, akaivua beji akaiweka juu ya meza. Hannah hakumlaumu. Alimweleza tu alichokuwa anakataa kukisikia muda wote huo: methadoni haikai mwilini milele. Kesho Dan ataanza kutoka jasho na kutapika, mifupa itamuuma. Akikosa siku tatu mfululizo, kliniki itamwanzisha na kipimo cha chini kama mgeni, na wengi wakifika hapo hawarudi tena kliniki. Wanarudi kwa jiwe.

"Sasa nifanye nini?" aliuliza. Alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza hakuona aibu mkewe kumwona hivyo.

"Enda uwaambie huko kliniki. Mimi nimeenda miaka miwili. Enda wewe."

Jumamosi asubuhi akaelekea steji. Akapita nyuma ya vibanda, akasimama ghafla. Jiwe lilikuwa na mtu. Si Koti. Alikuwa kijana mwingine, msafi, mwenye kofia mpya, ameketi kama mtu aliyezaliwa hapo. Kumbe Koti hakuwahi kuwa na jiwe lake mwenyewe, alikuwa amewekwa tu, na waliomweka walikuwa hata hawajahesabu hasara.

"Niaje mzee," kijana alisalimia kwa adabu. "Pole, nimeskia Dan ako ndani. Akitoka mwambie akuje anione. Ya kwanza hatalipa."

Ephantus alitamani kumshika koo. Badala yake akajikuta anafikiria kufuli la kile kichinjio, na ile nyama iliyojaa wiki hiyohiyo, isiyo na muhuri, na yeye akila akiomba ya pili. Hakucheka. Operesheni aliyoiomba kwa kinywa chake ilikuwa imemwondoa Koti na kuwaletea wenye mali mteja waliyekuwa wamempoteza, na mteja huyo alikuwa mwanawe. Aliondoka akapanda matatu ya mjini.

Kliniki haikuwa kama alivyoiwaza. Alidhani atakuta watu wamelala sakafuni. Alikuta foleni ya watu wenye mikoba na sare za kazi, mama mmoja na mtoto mgongoni, na wazee wa rika lake. Muuguzi aliyeitwa Millicent alimsikiliza kwenye dirisha.

"Wewe ni nani wake?"

"Babake."

"Dan alituambia baba yake ni mtu wa shughuli nyingi," alisema Millicent, bila ubaya. Ephantus akatazama viatu vyake. "Sawa mzee. Tunaweza kumpelekea, tumewahi kufanya. Lakini huko kituoni lazima mtu aongee na huyo mkubwa, na mimi hatanisikiliza."

"Mimi atanisikiliza."

Mkuu wa kituo alimsikiliza. Ephantus hakuomba Dan atolewe. Alisema, mbele ya askari wa zamu na watu waliojaa kaunta, miongoni mwao waumini wawili wa kanisa lake, kwamba mwanawe anatumia dawa ya kuachia unga, kwamba anainywa kila siku, na kwamba huyu sista wa kliniki ameileta. Alisema kwa sauti yake ileile ya ng'ambo ya barabara kwa sababu hakuwa na nyingine. Mkuu wa kituo alikuna kidevu, kisha akaagiza Dan aletwe kwenye mlango wa chuma.

Dan alikuwa ameisha kwa siku moja. Jasho lilimtiririka, mikono ilimtetemeka vibaya, na kikombe kile kidogo cha plastiki hakingeweza kufika mdomoni bila kumwagika. Millicent akamtazama mzee. Ephantus akapitisha mkono kati ya vyuma, akamshikia mwanawe kikombe kama alivyomshikia dawa ya malaria utotoni, na Dan akanywa hadi tone la mwisho.

"Sasa sema kitu," Millicent akamwambia Dan.

Ephantus akashtuka. "Aseme nini?"

"Chochote. Ni kawaida yetu, ndio nijue amemeza."

Dan alimtazama babake. Alikuwa ameshasikia seli nzima ikieleza ni nani aliyeita operesheni, na Ephantus alisubiri aambiwe hivyo. Alistahili.

"Kesho uje pia," Dan alisema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na zamu ya mzee Kuria kusoma matangazo kanisani. Matangazo yalisomwa na mtu mwingine. Jumatatu hakimu alimwachilia Dan bila shtaka, na Jumanne alfajiri Hannah alichemsha chai ya watu wawili waliokuwa wanatoka.

Wiki chache baadaye Ephantus alikuwa bucha, amechelewa kama alivyokuwa anachelewa siku hizi, simu ilipolia. Ilikuwa ya mkuu wa kituo. Jiwe lile limezidi, alisema, wanafikiria operesheni nyingine, wangependa mwenyekiti awaunge mkono. Runinga ilikuwa bado inaonyesha wanajeshi wake. Zedekiah aliacha kutafuna.

"Afande, kama ni lazima mje, sitawazuia," Ephantus alisema, na bucha yote ikasikia. "Lakini mje saa nne. Asubuhi sisi tuko hapo steji, tunaenda kunywa dawa."

Akakata simu. Zedekiah, ambaye angeweza kumkumbusha mengi, alimsogezea tu bakuli la chumvi.