Safari ya Bungoma Kuitafuta Nyota ya Kuka

Nilifunga safari ya Bungoma kwa sababu ya kitanzi cha koti. Babu yangu, mzee Wafula, ambaye sisi wajukuu twamwita Kuka, alikuja kwenye kibanda changu cha ushonaji pale Kitale akataka nimpunguzie koti lake la sherehe, maana mwili ulikuwa umepungua na koti limebaki vile vile. Nilipomaliza kumpima akaniomba nimshonee pia kitanzi kidogo kifuani, upande wa kushoto. Nikamuuliza ni cha nini.

"Ya nyota," akasema.

Nyota yenyewe hakuwa nayo. Kuka alipigana Burma katika vita vya Mwingereza, kijana ambaye ndevu hazijatoka vizuri, na kila askari aliyefika kule alistahili nyota ya shaba yenye utepe. Lakini karani aliyemwandikia cheti siku ya kuachishwa jeshi alikiandika kituo chake cha mwisho tu, nacho kilikuwa ghala la mablanketi Nakuru. Kwa mujibu wa serikali, basi, babu yangu alipigana na nondo wanaokula mablanketi. Kila mwezi wa Novemba wazee wa vita wanapokusanyika Bungoma mjini, wenye nyota hukaa mbele chini ya hema, na Kuka hukaa nyuma pamoja na kina mama na watoto wanaolilia soda.

Alilivumilia jambo hilo tangu ujana wake mpaka uzee. Sasa haraka ilitoka wapi? Ilitoka machoni. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba macho yake hayatapona, yataendelea kupungua nuru pole pole hadi yafunge. Kuka hakulia wala hakulalamika. Aliniambia tu, "Nataka nione hiyo kitu na macho yangu. Sitaki kuambiwa."

Ofisi ya kushughulikia wazee wa vita pale Bungoma ilikuwa imemjibu kwamba rekodi zinaweza kusahihishwa, mradi apatikane mtu aliyekuwa naye kule, aje aape mbele ya afisa. Aliyebaki hai alikuwa mmoja tu, mzee Barasa wa Lugulu. Yeye na Kuka walitahiriwa msimu mmoja, na wakaingia jeshini siku moja. Nikajisemea kazi ni rahisi, twende, aseme, turudi.

Asubuhi ya kuondoka Kitale kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Jirani yetu Simiyu alikuwa anapeleka miche ya parachichi kwenye kituo cha mafunzo ya kilimo cha Mabanga, akakubali kutubeba kwa pikapu yake. Kuka alikaa mbele akiwa amevaa koti lenye kitanzi kitupu na kofia yake ya kahawia. Mimi nilipanda nyuma pamoja na miche. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni bibi wa babu yake, na bibi, alinieleza kupitia dirishani, hukaa na mizigo ili isianguke.

"Na bwana je, hukaa na nani?" nikamuuliza.

"Bwana anakaa na dereva, wanaongea maneno ya barabara."

Tulipopita Kiminini mahindi yalikuwa yamebeba, marefu kuliko gari, na watu wa maziwa walikuwa wanashuka na baiskeli zao mitungi ikigongana. Mlima Elgon ulikuwa upande wetu wa kulia, umejifunika wingu kichwani. Kufika Kamukuywa tukaanza kunusa sukari nguru ya miwa inayochemshwa vijijini. Kuka alisimamisha gari mara mbili kwenda kichakani na kila mara aliporudi alidai kuwa ni Simiyu aliyeonekana kutaka kupumzika. Simiyu ni mtu wa heshima, akakubali kwamba ni yeye.

Lugulu tulimkuta mzee Barasa karibu na lango la hospitali ya misheni, amekalia jiwe, fimbo katikati ya magoti. Ni mwembamba, mrefu, na mguu wake wa kushoto hukokota. Nilishuka kumwamkia kwa adabu zangu zote, lakini macho yake yalikuwa kwa Kuka.

"Wafula, kumbe bado hujafa," akasema.

"Nilikuwa nangoja wewe utangulie, ndio nijue kama huko kuna chakula."

"Hiyo koti uliiba kwa maiti gani?"

Hawakuwa wameonana tangu sherehe iliyopita. Walitukanana hivyo kwa muda mrefu, wakishikana mikono bila kuachana, na wauguzi waliokuwa wakipita walitabasamu wakaendelea na safari zao. Walipomaliza, Kuka alisogea katikati ya kiti cha mbele ili Barasa akae dirishani na kuunyoosha mguu. Niliona, lakini sikufikiri ni jambo.

Mabanga tulishusha miche, tukamwacha Simiyu akitafuta mtu wa kumwekea sahihi. Kutoka hapo hadi mjini tulichukua baiskeli za bodaboda, kila mtu yake, zenye viti vya sponji na pindo za urembo. Nilikuwa nimemwomba kijana wa Kuka aendeshe pole pole. Nilichosahau ni kuwaomba wazee wenyewe. Baiskeli ya Barasa ilipotangulia kidogo, nikamsikia Kuka akimgonga dereva wake begani, "Pita hiyo mtu. Pita hiyo mtu, nitakuongeza." Tuliingia Bungoma mjini kwa fujo, kofia mkononi, na wote wawili wakadai ushindi.

Ofisini, saa nne hivi, tulipokewa na Bwana Mutiso, afisa kijana aliyehamishiwa Bungoma kutoka Ukambani mwaka huo huo. Alikuwa mpole. Alituletea viti, akawaita "wazee wangu", akamwapisha Barasa kwa Biblia. Kisha akamuuliza kama anamjua huyu mzee Wafula aliyeketi kando yake.

"Namjua," Barasa akasema. "Ni mwoga."

Bwana Mutiso alidhani hakusikia vizuri. Akauliza tena, kwa upole ule ule, kama mzee Wafula alifika Burma.

"Huyu? Huyu afike Burma? Huyu hata choo ya kwao alikuwa anasindikizwa na mama yake."

Kuka alicheka mpaka akakohoa.

"Mzee, hii ni kiapo," afisa akasema. "Alipigana ama hakupigana?"

"Alipigana na ugali. Na hiyo pia ilikuwa inamshinda. Siku moja alipoteza hata sulwali, akatembea na blanketi kama bibi arusi."

Bwana Mutiso aliweka kalamu chini, akanitazama mimi kwa huruma. "Mama, shahidi wako amekana," akasema. "Siwezi kuandika kile hajasema."

Tulitoka. Nilitembea mbele peke yangu kwa sababu nilikuwa na hasira ya kumtukana mtu mzima. Nilikuwa nimefunga kibanda changu, nimesafiri na miche ya watu, na shahidi mmoja aliyebaki duniani ameapa kwa Biblia kwamba babu yangu alisindikizwa chooni. Tuliingia kwenye hoteli ndogo mkabala na ofisi. Chai ilipoletwa nikashindwa kunyamaza.

"Kuka Barasa, kwa nini umemfanyia hivyo? Macho yake yanaisha. Mwakani hataiona hiyo nyota hata ikiletwa na ndege."

Barasa aliniangalia kwa mshangao wa kweli, kisha akamgeukia Kuka. "Huyu mtoto mlimlea wapi?"

"Kitale mjini," Kuka akajibu, kama mtu anayeomba radhi.

"Wewe ulitaka nimsifu akiwa amekaa pale?" Barasa akaniuliza. "Tulipashwa tohara pamoja. Mtu wa rika lako hasifiwi usoni. Sifa yake unaiweka mpaka siku ya kumzika, unasimama mbele ya watu, ndio unaitoa. Nikiitoa leo, si ni kama nimemzika?"

"Hata mimi nikimsikia ananisifu nitatafuta kaburi nijipime," Kuka akasema, akimimina chai kwenye kisosi.

Hapo nikaelewa kwamba hawa wazee wawili walikuwa wamekuja kutoka Lugulu na Kitale, wakijua kabisa afisa atauliza nini, na hakuna hata mmoja aliyeona kuwa kuna tatizo. Kwao Barasa alikuwa amejibu vizuri. Kwa Bwana Mutiso, kesi ilikuwa imekufa. Nikawaeleza, nikitamka neno moja moja, kwamba serikali haijui kusoma matusi. Kuka alikunywa chai yake yote. Kisha akainuka, akavaa kofia.

"Basi nizike," akamwambia mwenzake. "Twende unizike haraka, Simiyu asituache."

Mchana tulirudi ofisini. Kuka hakuketi. Alivua kofia akaiweka juu ya kiti, akamwambia Bwana Mutiso, "Mimi hapa ni hiyo kofia," akatoka nje na kukaa kwenye benchi la wageni, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Afisa aliniangalia. Nikamwambia, "Andika tu, bwana."

Barasa alisimama kwa fimbo yake, akaielekea kofia. Sauti yake ilibadilika. Haikuwa tena ile ya kudai ushindi kwenye bodaboda.

"Wafula," akasema, "tulivuka mto kule Burma usiku, wewe na mimi na wengine, na mashua yetu ikapigwa. Wewe ulifika ng'ambo ukiwa mzima. Ukarudi ndani ya maji. Ulitoa Mkamba mmoja, ukarudi tena ukanitoa mimi, mguu huu umepasuka, mfupa uko nje. Mvua ilikuwa inanyesha. Ulinibeba mgongoni mpaka asubuhi. Mimi nilitaka kulala, na kule mtu akilala na damu inatoka, hiyo ni kufa. Basi ukanitukana. Ulinitukana njia yote. Ulimtukana baba yangu, ukatukana ng'ombe zetu, ukasema nilipiga kelele nikitahiriwa. Nikakasirika, nikakataa kulala ili nikujibu. Na mpaka leo bado nakujibu."

Akakaa. Bwana Mutiso alikuwa ameandika nusu ya kwanza, kisha kalamu ikasimama. Mimi nililia, sioni haya kusema. Miaka yote niliyoishi na Kuka hakuwahi kunisimulia juu ya mto.

Kisha sauti ikatoka chini ya dirisha.

"Uongo. Hakukuwa na mvua."

"Ilikuwa inanyesha!" Barasa akajibu, akigonga fimbo sakafuni. "Wewe utajua aje, ulikuwa unalia."

Bwana Mutiso akamsomea mzee Barasa maelezo yake yote pamoja na mvua, Barasa akaweka kidole gumba, na karatasi ikapigwa muhuri. Kuka aliporudi kuchukua kofia yake, afisa alisimama wima kama askari. Kuka akamwambia apunguze heshima, aliyezikwa ni kofia.

Jioni tulirudi na Simiyu. Wazee walisinzia mbele, bega kwa bega, mpaka Lugulu. Pale langoni Barasa alishuka akasema, "Sasa nimemaliza maneno yako yote. Ukifa kweli usiniite, sina kingine cha kusema."

"Ukinifuata huko, njoo na chakula," Kuka akajibu.

Kutoka Kamukuywa hadi Kitale giza lilianza kuingia, na Kuka akafungua dirisha dogo la nyuma akaniuliza kama miche imefika salama. Nikamwambia miche tuliiacha Mabanga. Akasema anajua, alikuwa anataka tu kusikia kama bado nalia.

Nyota ilikuja, lakini ilichukua muda wake. Ilipofika kwenye sanduku langu la posta pale Kitale, macho ya Kuka yalikuwa yamefunga kabisa. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu ndilo jambo moja aliloliomba na ndilo tulilolikosa. Nilimpa boksi mkononi. Aliipapasa nyota pembe moja hadi nyingine, akaupapasa utepe, kisha akaniomba nimtumie Barasa salamu, aje.

Barasa alikuja Jumamosi, na mguu wake, na fimbo yake. Kuka alikuwa amevaa koti lake lenye kitanzi. Nilikuwa nimeanza kumweleza Kuka vile shaba inavyong'aa na zile rangi za utepe, akaniinulia mkono.

"Nyamaza, bibi yangu. Wewe utanipambia. Mpe huyu, aniambie iko namna gani."

Zamani nilikuwa nikitaka kujua kama mtu anapendwa, nasikiliza anavyosifiwa. Safari ya Bungoma iliniharibia masikio, siku hizi nasikiliza anavyotukanwa, na ni nani anayemtukana.

Barasa aliishika nyota, akaigeuza, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Aliiangalia muda mrefu. Machozi yalimshuka akayafuta kwa mkono wa shati, bila sauti, na ni mimi tu niliyeyaona.

"Wafula," akasema mwishowe, "hii kitu ni mbaya. Imekaa kama kizibo ya soda imekanyagwa na lori. Hata hiyo utepe, rangi haziongei."

Kuka alicheka, akavuta pumzi, akanyoosha kifua chake kuelekea upande niliokuwa.

"Basi ni yenyewe," akasema. "Nifungie."