Kondoo wa Mtaro

Shughuli yote ilinila shilingi elfu sitini na nne na mia tatu, bila kondoo. Ukimwingiza kondoo, elfu sabini na tano na mia tatu. Nimehesabu mara mbili na zote mbili zimetoka sawa, jambo ambalo si la kawaida kwa hesabu yoyote yenye fundi wa ujenzi ndani yake. Kwa pesa hizo sikujenga nyumba wala sikununua shamba. Nilinunua ruhusa ya maji ya mvua kuteremka futi kumi na nane.

Duka langu la nafaka liko Kinoru, upande wa chini wa barabara, mahali ambapo maduka yamebanana hata panya huombana njia. Mbele yetu unapita mtaro. Zamani ulikuwa wazi, na mtu akitumbukia alicheka na wenzake wakamvuta. Halafu kila mwenye ploti akafunika kipande chake kwa zege ili apate baraza, na chini ya baraza akalaza bomba. Hakuna aliyemuuliza jirani. Mtaro ulio mbele ya duka lako tunauona kama mlango wako: unaweka saizi unayotaka, na atakayeuliza aulizwe yeye anatafuta nini.

Mwenye saluni aliye juu yangu aliweka bomba la inchi kumi na nane. Mimi niliweka la ishirini na nne, si kwa akili nyingi, ila kwa sababu jamaa mmoja alikuwa na mabomba makubwa asiyoyahitaji na alichoka kubishana nami kabla mimi sijachoka. Aliye chini yangu ni mwenye hoteli ya chai. Yeye aliweka la inchi tisa. Chini yake kuna kinu cha kusaga unga, halafu bonde.

Sasa hesabu mwenyewe. Maji ya mtaa mzima yanashuka kwa kasi ya mlimani, yanapita kwangu kwa raha zao, yanafika mpakani na kukuta mdomo wa kibuyu. Yanasimama. Yanarudi nyuma kidogo, yanapanda kupitia kifuniko, na mlango wa kwanza yanaouona ulio chini ya barabara ni wa ghala langu.

Mvua ya mwezi wa kumi iliingia ndani mara tatu. Magunia ya chini yalikuwa ya maharagwe niliyotoa Manyatta, maharagwe safi, nilikuwa nimebishania bei hadi muuzaji akaniuliza kama nina ugonjwa. Nilipoyafungua yalikuwa yameota. Mkulima anapalilia miezi mitatu kuona kile nilichokiona mimi bila jembe. Nilimuuzia mwenye nguruwe, na hata yeye aliomba apunguziwe. Msimu mmoja zaidi wa namna ile na ningefunga duka. Hilo halikuhitaji kalamu.

Fundi alikuja, akachungulia, akasema dawa ni moja tu: toa la inchi tisa, weka kubwa.

"Basi mwambie mwenyewe," akaongeza. "Si ni jirani yako?"

Alikuwa jirani yangu, ndiyo. Pia alikuwa mama mkwe wangu.

Huku kwetu mama mkwe hatafutwi kwa maneno. Hamkai benchi moja, humkatizi akisema, na kasoro ya nyumba yake huioni hata ukijikwaa juu yake. Miaka yote niliyokunywa chai yake nilikunywa nikiwa nimesimama, nikilipa bila kuomba nipunguziwe. Kwa mtu wa aina yangu hiyo ndiyo heshima ya mwisho kabisa. Nitaanzia wapi kumwambia bomba lake ni dogo?

Nilimwendea mke wangu.

"Mimi siingii hapo," akasema. "Nikimwambia bomba ni dogo, atauliza nani amelipima."

Nikampigia shemeji yangu, kaka yake, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya mitaro kule Mombasa. Alinisikiliza, kisha akaanza kucheka.

"Huku sisi tunalia," akasema. "Mji umejaa, kila mtu amejenga juu ya njia ya maji, na ukishasafisha mtaro bahari inajaa, inayarudisha maji mjini kama mgeni aliyesahau kofia. Nyinyi mna mteremko wa bure kutoka kwa Mungu na bado mmeweza kufurika?"

"Basi mpigie mama umwambie hivyo."

"Aah, bwana mkubwa. Mimi ni fundi wa maji. Huyo ni mamangu."

Zikabaki njia za kimila. Niliwaendea wale wazee wawili walioniombea mke, nikawaambia kuna jambo lingine la kuomba katika nyumba ileile. Mmoja alinitazama kwa masikitiko akauliza kama nataka wa pili. Nilipomweleza kuhusu bomba akasema hilo ni gumu zaidi. Nikaagiza miraa kutoka Mikinduri, kitita kizuri cha posa, kimefungwa kwa jani la mgomba kama inavyotakiwa, wakaenda nacho hotelini saa nne asubuhi, wakati wateja wa chai ya kwanza wameondoka.

Mimi nilikaa dukani kwangu, ukuta mmoja katikati, nikijifanya napepeta ndengu. Nilisikia yote.

"Mama," mzee akaanza, "kuna maji ya kwetu yamefika hapa kwako yakashindwa kupita. Tumekuja kuyaombea njia."

"Maji ya nani?"

"Ya mtoto wako."

"Mtoto wangu gani? Yule anayejifanya hayupo hapo ukutani?"

Nikaacha kupepeta.

Alikipokea kitita, na hiyo ilikuwa dalili njema, kwa kuwa asiyetaka mazungumzo hakigusi. Lakini hakuzungumzia bomba. Alisema mazungumzo ya nyumba mbili huanzia pale yalipoachiwa, na yale yetu yaliachiwa kwenye kondoo jike. Wazee wakamkumbusha kwamba kondoo yule alilipwa siku ya mahari, kwa noti, mbele ya watu.

"Noti nilizila," akasema. "Kondoo sijamwona. Nyinyi mmewahi kuona noti ikizaa?"

Hapo nilijua nimekutana na mtu anayebishana kunizidi. Nilishalipa kondoo yule, naye alikuwa anauzwa kwangu mara ya pili, na sheria ya ukwe ilinifunga mdomo ambao ndio mtaji wangu. Wazee waliporudi niliwaambia wakamwombe akubali kondoo wa umri wowote. Wakaenda, wakarudi: awe hajazaa, na meno yake yataangaliwa. Tena baraza likivunjwa lijengwe upya kwa pesa yangu, refu kuliko la zamani kwa futi moja. Niliwatuma wakaombe nusu futi. Jibu lilikuja bila wao, kupitia ukutani:

"Mwambieni maji yake yakikubali kuingia nusu, na mimi nitakubali nusu!"

Nikakubali futi nzima.

Kondoo alifika, meno yakaangaliwa, akapelekwa nyumbani kijijini. Kesho yake fundi alivunja baraza. Ndani ya lile bomba tulikuta kandambili, magunzi ya mahindi na tabaka nene la majani ya mgomba, yale ya kufungia miraa, ambayo mtaa wote hutupa mtaroni baada ya kutafuna. Mama mkwe alikuja akasimama upande wa pili wa shimo, mikono nyuma. Alitazama bomba langu, kisha bomba lake.

"Kumbe ni dogo," akasema, akimwambia fundi.

Fundi akanitazama. Mimi nikatazama mlima.

Tulilaza vipande sita vya bomba la inchi ishirini na nne, tukamwaga zege, na hoteli ikapata baraza ambalo sasa linaweza kubeba harusi. Mvua iliyofuata nilikaa mlangoni pa ghala nikiwa nimeweka magunia juu ya mbao, kwa sababu kuamini ni jambo moja na mbao ni jambo lingine. Maji yalipita chini ya miguu yangu yakinguruma, yakaingia kwa mama mkwe bila kubisha hodi, yakatoka upande wa pili. Ndani hakuingia hata tone. Niliuza vizuri msimu ule wote.

Yaliingia kwa mwenye kinu. Sikuwahi kuuliza bomba lake ni la inchi ngapi. Wala yeye hakuwahi kuuliza, wakati maji yalipokuwa yanaishia kwangu.

Wiki iliyopita niliwaona wazee wawili nisiowajua wakiingia hotelini saa nne asubuhi, na kitita kimefungwa kwa jani la mgomba. Nilichukua ungo nikasogea ukutani. Waliongea kwa sauti ya chini, sikupata neno. Walipoondoka, mama mkwe alinitumia mtu niende. Nilisimama kwenye lile baraza nililolilipia. Kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, alinivutia kiti.

"Kaa, mwanangu. Wewe ndiye mtu wa bei hapa mtaani. Yule wa kinu anataka nirudishe bomba la zamani. Analipia kila kitu, na juu yake ananipa mbuzi."

Alinimiminia chai, akasubiri ipoe kidogo.

"Sasa nishauri. Huyo mbuzi anatosha, ama nimwambie aongeze?"