Mpiga Gitaa Asiyepunguza Sauti

Mpiga gitaa wetu huvua viatu kabla ya kupiga, kisha hufungulia spika mpaka vikombe vitetemeke mezani. Ukimwomba apunguze, hakutazami. “Roki haipunguzwi.” Siku tuliporekodi wimbo mrefu wa mwisho wa albamu yetu ya kwanza, alimleta mjomba wake atupigie zeze. Mikono ya mzee ilitetemeka, na zeze likasikika kama mtu anayenong'ona nyuma ya mlango. Nikiwa kwenye ngoma, niliona mguu mtupu wa mpiga gitaa ukinyooka taratibu, kidole gumba kikazungusha kitufe cha sauti cha spika yake mpaka chini kabisa. Vidole vya mkono vikaendelea kukimbia juu ya nyuzi, kimya.

“Mbona sikukusikia, mwanangu?” mzee aliuliza tulipomaliza.

“Spika imegoma, mjomba,” alijibu, akainama kutafuta viatu.